Tabibu wa Mifugo na Kisu cha Kuwahi



Mama mmoja wa Malindi, msomaji wetu wa miaka mingi, ametuletea barua ambayo tumeisoma mara tatu kabla ya kukata shauri la kuijibu katika ukumbi huu. Binti yake alipasi vyema mtihani wa kidato cha nne, na katika mgao wa nafasi za vyuo vikuu ameitwa kwenda Kabete, kilipo kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Mama amefurahi. Baba alinyamaza siku nne, na alipofungua kinywa alisema kwamba hakumsomesha mwanawe ili aende kutia mkono ndani ya ng'ombe wa watu. Ami zake wakaongeza kuni motoni: mmoja akauliza kama nafasi za udaktari wa binadamu zimekwisha, mwingine akasema kazi hiyo ni ya wanaume wenye viatu vya mpira. Basi mama atuuliza: je, hii ni kazi ya mtoto wa Kiislamu, tena mwanamke?

Tungeweza kumjibu kwa mistari miwili. Lakini tumeona afadhali tumchukue msomaji wetu safarini kidogo, tupite Garsen na Hola, tuufuate Mto Tana hadi Garissa, kwani huko ndiko swali lake lina uzito. Tena si kwamba Garissa iko mbali nasi kama tunavyojidanganya. Mnada wa mifugo wa Garissa ni miongoni mwa minada mikubwa kabisa ya Afrika Mashariki; ng'ombe hufika pale kwa miguu kutoka pande zote za Kaskazini Mashariki na hata kutoka Somalia, kisha husombwa kwa malori kupelekwa Nairobi na huku kwetu pwani. Nyama iliyo sufuriani mwa mama anayesoma makala haya yawezekana ilikunywa maji ya Tana mwezi uliopita.

Kwanza tuondoe dharau. Waarabu wa zamani walimwita tabibu wa wanyama baitari, na jina hilo lilikuwa la heshima. Bingwa mkubwa wa mitishamba katika ulimwengu wa Kiislamu, aliyezaliwa upande wa Málaga kule Andalusia na kufariki Damascus mwaka 1248, twamjua hadi leo kwa jina la Ibn al-Baytar, yaani mwana wa tabibu wa mifugo. Hakuna aliyemcheka kwa nasaba hiyo. Na juu ya Ibn al-Baytar yuko aliye bora kuliko sisi sote: Mtume wetu (S.A.W.) aliingia katika bustani ya mmoja wa Ansari, ngamia akamwona akalia, naye akampangusa nyuma ya masikio mpaka akatulia. Kisha akamtafuta mwenye ngamia na kumwambia kwamba mnyama wake amemshitakia njaa na kazi nyingi. Yule aliyesikia shitaka la asiye na ulimi alikuwa akifanya, kwa daraja ya juu mno, kile anachojaribu kukifanya tabibu wa mifugo kila siku.

Tulizungumza na tabibu mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika upande huo wa nchi, naye ametuomba tusimtaje jina. Alitueleza kwamba aliripoti kazini akiwa na vitabu vilivyosema mengi juu ya ng'ombe wa maziwa na machache mno juu ya ngamia. Siku ya kwanza mzee mmoja wa Kisomali alimleta ngamia jike aliyekonda, akamtaka daktari aseme mnyama ana nini. Daktari alipima joto, akatazama fizi na macho, akatafakari. Mzee akangoja, kisha akachukua mchanga uliolowa mkojo wa ngamia, akaunusa, akataja ugonjwa kwa Kisomali. Damu ilipotazamwa kwa darubini mzee akaonekana amesema kweli: ni vimelea vinavyosambazwa na nzi waumao, vile wanavyoviita wataalamu sura. “Tangu siku hiyo,” alituambia, “nilianza kuuliza kabla ya kupima.”

Kazi yenyewe haina fahari. Ni sanduku la barafu lenye chanjo juu ya gari, na barabara ya mchanga, na hofu kwamba barafu itayeyuka kabla ya kulifikia zizi, maana chanjo iliyopata joto ni maji matupu. Ni kuwashika mbuzi mia tatu mmoja mmoja kabla jua halijapanda. Ni kutia sahihi vibali vya kusafirisha mifugo mnadani, na kukataa kutia, na kubeba lawama za kukataa. Ni kukutana na mfugaji aliyenunua dawa ya sindano dukani, akaigawa chupa moja kwa wanyama ishirini kwa sababu ya umasikini, sasa dawa haimponyi hata mmoja. Na katika ukame, ni kuitwa kutazama ng'ombe asiyeweza kusimama, ilhali tabibu na mfugaji wote wawili wanajua kwamba anachohitaji ni majani, na majani hayamo mkobani.

Lakini yote hayo ni ya kila siku. Sababu hasa ya kuileta Garissa katika barua ya mama wa Malindi ni ugonjwa mmoja, nao ni Homa ya Bonde la Ufa.

Ugonjwa huu ulitambuliwa kwa mara ya kwanza karibu na Ziwa Naivasha, katika shamba la kondoo, na habari zake zikachapishwa mwaka 1931. Mwendo wake ni wa ajabu. Kuna mbu ambao hutaga mayai katika udongo wa mabonde madogo yanayotuamisha maji ya mvua, na mayai hayo hubeba virusi ndani yake. Nchi ikikauka, mayai hungoja ardhini, mwaka, miaka, bila kufa. Ikija mvua ya gharika, mabonde yakafurika, mbu huanguliwa kwa makundi, wakawauma kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia. Kondoo jike hutupa mimba, si mmoja wala wawili, bali takriban zizi zima ndani ya siku chache, na wana-kondoo wachanga hufa. Baada ya wanyama huja zamu ya watu. Walio wengi hupata homa na maumivu ya viungo kisha wakapona. Wachache huathirika macho hata wakapoteza uoni, au ubongo ukavimba, au wakatokwa damu, na hao wa mwisho wengi wao hufa.

Mwishoni mwa mwaka 1997, mvua za El Niño zilipoizamisha Kaskazini Mashariki, watu walianza kufa Garissa kwa homa na kutokwa damu. Sampuli zilipelekwa hadi Johannesburg ili ijulikane ni maradhi gani. Baadaye ilikisiwa kwamba watu wapatao 89,000 waliambukizwa katika Kaskazini Mashariki ya Kenya na kusini mwa Somalia, na vifo vilivyoripotiwa vilikuwa 478. Miaka tisa ikapita. Mvua kubwa ikarudi mwishoni mwa 2006, na wagonjwa wa kwanza wakaonekana tena Garissa. Safari hii maabara ya hapa hapa Nairobi ndiyo iliyothibitisha, katika mwezi wa Disemba. Ilipofika katikati ya Machi 2007, Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684, na 155 miongoni mwao walifariki. Ugonjwa uliteremka Tana River, ukafika Kilifi, ukavuka mpaka ukaingia Tanzania.

Wasomaji wa umri wetu watakumbuka siku zile. Idd-ul-Adhha iliangukia mwisho wa Disemba hiyo hiyo. Serikali ilifunga minada na kuzuia kuchinja na kusafirisha mifugo katika wilaya zilizopatwa, na watu ambao mali yao yote ina miguu minne wakabaki nayo mikononi, haiuziki wala hailiki. Mabucha ya mijini yakakosa wateja. Huku kwetu wengi walihamia kwenye samaki na kuku, tukahisi tumepata taabu.

Sasa tufikie jambo ambalo latuuma. Watafiti waliokwenda kuwahoji wafugaji wa Kisomali baada ya mkasa huo, na kuchapisha waliyoyasikia mwaka 2010, walikuta kwamba wafugaji waliujua ugonjwa kabla ya ofisi yoyote. Wana jina lake, sandik, lenye maana ya pua kutoka damu. Walikwisha kuona mbu wa ajabu kwa wingi wao. Wakaona kondoo wakitupa mimba. Na kati ya mnyama wa kwanza kuugua na mtu wa kwanza kuugua zilipita kama wiki mbili na nusu. Katika wiki hizo mbili na nusu ingewezekana kuwaambia watu wasiguse. Habari ilikuwa zizini, ila haikuwa na njia ya kutoka.

Na nani alikuwa nayo zizini? Tuwaulize kina mama, watajibu mara moja. Kwa wafugaji wa upande ule, ngamia huenda mbali na wanaume na vijana. Kondoo na mbuzi, na hasa wachanga, wagonjwa na wenye mimba, hubaki karibu na nyumba mikononi mwa wanawake na watoto. Mwanamke ndiye akamuaye mbuzi. Ndiye amsaidiaye kondoo azaaye kwa shida. Ndiye aokotaye kijusi kilichotupwa na kukitoa nje ya boma, kwa mikono mitupu. Afisa wa kiume anapowasili, huketi na wazee chini ya mti, akapewa chai, akaambiwa idadi ya waliokufa. Mwanamke aliyeona mimba ya kwanza ikitupwa yuko nyuma ya nyumba, hakuulizwa, na heshima haimruhusu kuja kumweleza mwanamume mgeni habari za uzazi, hata uzazi wa kondoo.

Baba wa binti na atafakari hapo kabla hatujaendelea.

Kisha liko suala la kisu. Mnyama akidhoofika, akalala, akaanza kuhema vibaya, mfugaji huharakisha kumchinja kabla roho haijatoka. Hatumlaumu. Sura ya Al-Maida, aya ya 3, imeharamisha nyamafu, na ikamvua katika uharamu yule mtakayemwahi kwa kumchinja. Mwenye watoto saba na kondoo mmoja anayekufa humwahi, akasema Bismillahi, na nyama yake ni halali. Huku kwetu pia tunafanya hivyo. Nani kati yetu hajawahi kula nyama ya mbuzi “aliyewahiwa”?

Lakini katika mwaka wa homa hii, kisu cha kuwahi ndicho mlango wa mauti. Damu ya mnyama mgonjwa imejaa virusi. Mchinjaji hurukiwa na damu usoni, mchunaji hujikata kidole, na mama hukatakata nyama mbichi na maini huku mtoto yuko mgongoni. Nyama ikipikwa ikaiva barabara, virusi hufa. Madhara yamekwisha kutendeka kabla ya chungu kutiwa motoni. Juni 2018 huko Wajir, mgonjwa wa kwanza aliyefikishwa hospitali alikuwa amekula nyama ya mnyama aliyeugua. Alifariki siku ile ile, na jamaa zake wakafuatia kuugua.

Basi sheria imesema nini hasa? Sisi si mamufti, na fatwa tunawaachia masheikh wetu. Twaona tu kwamba aya ilipotuhalalishia haikutuwajibishia, na kwamba katika Sura ya Al-Baqara tumekatazwa kujitia wenyewe katika maangamizi. Mtume (S.A.W.) aliagiza pia, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim, kwamba mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa mwenye ngamia wazima. Hiyo ndiyo karantini, iliyoagizwa kabla ya kuwapo darubini. Tabibu wetu alisimulia kwamba alikuwa akiwasihi watu wasichinje wanyama wagonjwa, wakamwona ni mtu wa serikali aliyekuja kuwanyima chakula, mpaka imamu wa kijiji aliposimama baada ya Ijumaa akaisoma hadithi hiyo na kuwaeleza maana yake. Hawakumpinga tena.

Wala tabibu naye hana jibu jepesi mkononi. Chanjo ya zamani, ile iitwayo Smithburn, iliyotokana na virusi waliopatikana kwa mbu wa Uganda mwaka 1944, huwakinga wanyama vyema, lakini yaweza kumfanya kondoo mwenye mimba aitupe. Hebu fikirini: ugonjwa unatupa mimba, na dawa yaweza kutupa mimba. Mfugaji akichanjiwa leo, kesho kondoo akatupa, nani atamshawishi kwamba si daktari aliyemletea balaa? Tena chanjo hiyo haina budi kutolewa kabla ya mvua, wakati nchi imekauka na hakuna mtu anayewaza mbu. Maana ugonjwa ukiisha kuingia, sindano moja ikipita kutoka mnyama hadi mnyama yaweza yenyewe kuusambaza. Kumchanjia mtu mali yake dhidi ya ugonjwa asioukumbuka kunahitaji uaminifu uliojengwa miaka mingi.

Uaminifu huo ukipatikana hufanya makubwa. Sotoka ya ng'ombe iliangamiza mifugo ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, na wafugaji wakafa njaa nyuma ya ng'ombe wao. Walter Plowright alitengeneza chanjo iliyo imara pale Muguga, si mbali na Nairobi. Baadaye ikapatikana aina isiyoharibika upesi kwa joto, ambayo ingeweza kubebwa porini bila barafu. Hapo wafugaji wenyewe walifundishwa kuchanja, wakaingia kule ambako gari haliingii. Maskani ya Wasomali, Kenya, Ethiopia na Somalia, ndiyo yaliyoshukiwa kuwa maficho ya mwisho ya ugonjwa huo. Mara ya mwisho ulionekana kwa nyati wa Mbuga ya Meru mwaka 2001, na mwaka 2011 ulimwengu ukatangaza kwamba sotoka imetoweka. Ndui ndiyo maradhi mengine pekee yaliyokwisha kung'olewa duniani namna hiyo. Alhamdulillahi, kwa hayo waliokuwa “wakitia mkono ndani ya ng'ombe wa watu” wana sehemu yao.

Kabla ya kurudi Malindi, tuwajibu kina mama wawili watatu waliotuuliza siku za nyuma juu ya maziwa, kwani yahusiana. Maziwa mabichi ya mbuzi, ng'ombe na ngamia yaweza kubeba brusela, maradhi yaletayo homa ya kwenda na kurudi, jasho la usiku na maumivu ya mgongo, ambayo mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria. Wafugaji wengi huamini kwamba maziwa ya ngamia yakichemshwa hupoteza nguvu zake, na imani hiyo imeshuka nayo mpaka vibandani kwetu mjini. Chemsheni. Na anayenunua mnyama wa kurbani amtazame kwa macho ya tabibu: zile aibu nne tulizofundishwa, chongo iliyo wazi, ugonjwa ulio wazi, kilema kilicho wazi, na kukonda hadi uboho ukakauka, ni ukaguzi kamili wa mifugo, na mfanyabiashara wa kweli hatakasirika ukimfungua mnyama wake kinywa. Mwaka wa gharika, muulizeni pia ametoka wapi, na kibali chake kiko wapi.

Sasa, dada yetu wa Malindi. Umetuuliza kama hii ni kazi ya mtoto wa Kiislamu. Kwa maoni yetu, katika nchi ile ambayo karibu kila mfugaji ni Mwislamu, na karibu kila kondoo mgonjwa yuko mikononi mwa mwanamke, tabibu wa kike ajuaye kusema Bismillahi kabla ya kumshika mnyama angefungua mlango ambao wenzake wa kiume wanaupita tu kwa nje. Angeketi nyuma ya nyumba na kina mama, akaambiwa siku ya kwanza kile ambacho wengine huambiwa mwezi wa tatu. Hatusemi kazi ni nyepesi. Kuna safari ndefu, kuna kulala mbali na kwao, na suala la mahramu ni la kuulizwa masheikh na kupangiwa mapema, wala lisipuuzwe. Lakini si madaktari wote wa mifugo huzunguka porini. Wengine wako maabara, wengine machinjioni wakikagua nyama tunayoila, na huko nako twahitaji jicho la mtu amchaye Mungu. Viatu vya mpira, kwa taarifa ya ami, hupatikana kwa saizi zote.

Tulimtumia mama nakala ya makala haya kabla ya kuchapishwa, ili aridhie. Juzi amejibu. Asema baba aliyasoma akiwa ameegemea mlango, hakusema ndiyo wala la. Ila baada ya Isha aliuliza nauli ya basi hadi Nairobi ni kiasi gani siku hizi, na kama Kabete kuna msikiti ulio karibu.